Lori Lisiloruhusiwa Kubeba Vya Watu

Nilifika Thika kutafuta kazi miezi minne baada ya kumzika mke wangu. Tulimzika nyumbani, magharibi, yeye na mtoto ambaye hakuwahi kulia. Mama alitaka ningoje kidogo kabla ya kuondoka, lakini sikuona cha kungojea. Nilikuwa nimejifunza udereva kwenye lori la misheni, na watu waliotoka Thika walikuwa wakisema madereva wanatafutwa huko. Hawakusema kwa nini wanatafutwa, nami sikuuliza.

Aliyeniajiri alikuwa mzee Mwislamu wa mtaa wa Majengo. Ukoo wake ulikuwa umechanganyika hivi kwamba akiulizwa kabila alijibu kwamba yeye ni mtu wa Thika. Alikuwa na lori moja la tani tano. Alinunua makaa na fito upande wa Gatuanyaga, kule kwenye ukame na vumbi, akaja kuuza mjini. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya lori, akanionyesha karatasi ya mviringo iliyobandikwa ndani ya kioo.

"Unasoma Kizungu?"

"Kidogo, mzee."

"Nisomee hiyo."

Nikamsomea nilivyoweza. Alikuwa akitikisa kichwa kila nilipotua, nami nikatambua kwamba ameshasomewa mara nyingi na anaijua kwa moyo. Lori hili, ilisema, ni la kubeba mali ya mwenyewe kwa biashara yake mwenyewe.

"Maana yake," akasema mzee, "ukibeba makaa yangu, uko sawa. Ukibeba kitanda cha mtu naye akakulipa, mimi na wewe tuko kortini. Wa kubeba vitu vya watu ana leseni nyingine. Inatolewa na bodi huko Nairobi, na hapa Thika anayo mtu mmoja tu. Usije ukaniponza, mwanangu."

Akanipa pia karatasi za safari. Kila siku nilitakiwa kuandika nimetoka wapi, nimekwenda wapi, nimebeba nini. Ilikuwa sheria. Mzee alisema dereva aliyenitangulia alikuwa na mwandiko mzuri.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna aliyenitangulia. Ilikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Wakikuyu walioshukiwa kuipinga, na yule dereva, Mkikuyu wa upande wa Ruiru, alichukuliwa asubuhi moja katika msako pamoja na wanaume wengine wa mtaa. Hakushtakiwa kwa lolote. Alipandishwa gari la serikali na hakuna aliyejua alipelekwa kambi gani. Ndiyo sababu madereva walikuwa wakitafutwa.

"Kiti hicho kina mwenyewe," mzee aliniambia. "Akirudi, tutaona."

Mzee alikuwa na nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, vilivyotazamana uani. Alinipa cha mwisho. Chumba kilichokabiliana na changu kilikuwa cha mke wa yule dereva. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, aliyeshona nguo za watoto kwa cherehani ya mkono. Watoto wake wawili alikuwa amekwisha kuwapeleka kwa nyanya yao kijijini, juu ya Ruiru. Kila asubuhi nilipotoka na ufunguo wa lori mkononi, alikuwa amekaa mlangoni akizungusha ile cherehani, na kila asubuhi nilimwamkia.

"Habari ya asubuhi, mama."

Hakujibu. Hakutukana wala hakugeuza uso. Aliendelea kushona tu, kama mtu asiyesikia. Majirani wengine walifuata mwendo wake. Nikienda kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, mazungumzo yalipungua nilipoketi, na niliposimama kuondoka nilisikia yakirudi nyuma yangu. Sikuwalaumu. Walichojua ni kwamba mwenzao amechukuliwa na mimi nimekaa mahali pake.

Jumapili nilikuwa na watu wa nyumbani, wafanyakazi wa viwandani tulioabudu nao kwa Kiswahili. Lakini baada ya ibada walizoea kusimama nje na kuulizana habari za familia, na kila mgeni aliyetoka magharibi aliuliza kuhusu mke wangu. Nilieleza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya nne nilitoka kabla ya baraka, na baada ya hapo sikurudi. Jumapili zangu zikawa za kuosha lori. Nilipika ugali wa mtu mmoja, na mpaka leo sijajua kipimo chake, kwa kuwa kila siku ulibaki.

Tuliishi hivyo miezi minane.

Siku moja, saa sita mchana, nilikuwa nimeinama nikifuta gurudumu la mbele niliposikia mtu akisema, "Dereva."

Alikuwa yeye. Nilisimama, sikujua niweke wapi kitambaa.

"Nimeambiwa nitoke," alisema. "Mwanamke ambaye bwana yake hana kazi hapa hana ruhusa ya kukaa mjini. Wamenipa pasi ya kwenda kijijini, mimi na vyombo vyangu, mwisho wake Jumamosi. Nimekwenda kwa yule mwenye leseni. Amesema lori zake hazipandi kwenye vile vijiji vipya vya serikali. Anaogopa."

"Na treni?"

"Treni itaniacha stesheni ya Ruiru na kitanda, kabati na cherehani. Kutoka hapo nitavibeba na nini?"

Nilimwambia kwamba lori si langu na kwamba karatasi kwenye kioo haituruhusu. Alijibu kwamba anaijua ile karatasi kuliko mimi. Mume wake alikuwa akimsomea mzee.

Jioni nilimwendea mzee. Alikuwa amemaliza kusali na bado alikuwa kwenye mkeka. Alinisikiliza, akisugua goti lake lililokuwa likimsumbua.

"Sheria inasema malipo," alisema hatimaye. "Inamkataza mtu kubeba vya wengine kwa malipo. Haisemi mtu asimsaidie jirani yake. Au nimeisahau?"

"Inasema malipo, mzee."

"Basi mbebee bure. Na uandike hivyo hivyo kwenye karatasi. Bure."

Nikaandika usiku uleule ili asubuhi nisisahau: vyombo vya nyumba, Thika hadi Ruiru, bila malipo. Nilipomweleza yule mama, hakushukuru. Aliuliza tu tutaondoka saa ngapi.

Ijumaa tulipakia kabla jua halijachomoza vizuri. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai huku kwetu huingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa na shati tu. Kitanda kilipokwisha kufungwa kamba, alirudi chumbani mara ya mwisho, akatoka na koti zito la kijivu lenye vifungo vyote. Akaliweka juu ya kiti changu.

"Vaa," alisema. "Huko juu ni baridi."

Nililijua ni la nani. Mabega yalikuwa mapana kuliko yangu. Nililivaa, na nitasema kweli kwa kuwa nimeshakuwa mzee na haidhuru: nilifurahi. Hakuna mtu aliyekuwa amejali kama naona baridi tangu nilipotoka nyumbani. Kutoka Thika mpaka Ruiru, tukipita Witeithie na mashamba ya mkonge ya Juja, hatukusemezana neno, lakini mimi njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia tukifika. Nilitaka kumwambia kwamba sikumwombea mume wake mabaya. Nilitaka kumwambia pia kwamba mimi nilikuwa na mke.

Karibu na daraja la Ruiru palikuwa na kizuizi cha polisi. Ofisa mmoja kijana, Mzungu, alikuwa amekaa ndani ya gari akinywa chai kwenye kikombe cha themosi. Sajenti ndiye aliyetusogelea. Alitazama pasi ya yule mama, akaona iko sawa. Halafu akatazama kioo.

"Hii leseni ni ya mali ya mwenye lori. Kitanda ni cha mwenye lori?"

"Hapana, afande. Ni cha huyu mama."

"Amekulipa?"

Nilifungua mdomo kusema hapana. Karatasi ya safari nilikuwa nayo mkononi, imeandikwa vizuri.

"Nimemlipa," alisema yule mama.

Sajenti akamgeukia. "Umemlipa nini?"

"Hilo koti alilovaa."

Nilimtazama. Alikuwa akiangalia mbele, kwenye daraja. Sajenti akasoma karatasi yangu, akasoma yale maneno, bila malipo, akaipeleka kwa ofisa. Sasa kosa halikuwa moja tena. Yalikuwa mawili: kubeba kwa malipo bila leseni, na kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali.

Walitushushia vyombo pale pale kando ya barabara. Nilisaidia kushusha kitanda, kabati, cherehani na sufuria zilizofungwa kwenye shuka. Koti nikavuliwa, likafungwa kwa karatasi ya kaki kama ushahidi. Nikaamriwa kugeuza lori nirudi Thika na askari mmoja pembeni yangu. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona yule mama amekaa juu ya kitanda chake, kando ya barabara kuu, mikono magotini. Hakuwa akiangalia upande wangu. Barabara ikapinda.

Kesi ilisikilizwa Thika baada ya wiki tatu. Mzee alivaa kanzu yake nzuri na kofia ya kufuma. Hakuwa amenigombeza hata mara moja, na hilo lilinilemea zaidi kuliko kugombezwa. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye sauti ya chini, na mkalimani alisimama kati yetu. Koti lilikuwa mezani.

Yule mama aliitwa kuwa shahidi. Alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwa pasi ya siku moja. Hakimu alimuuliza swali ambalo nadhani aliliuliza kwa wema, kwa sababu alilirudia mara mbili na akamwagiza mkalimani alieleze polepole.

"Sikiliza vizuri. Lile koti ulimpa dereva kama malipo ya safari, au ulimpa tu kama zawadi, kwa kuwa kulikuwa na baridi? Kama ni zawadi, hakuna kosa la kubeba kwa malipo."

Mlango ulikuwa wazi kwangu na kwa mzee. Alitakiwa kusema neno moja tu. Nilimwona akifikiri. Nyuma yake, kwenye benchi, walikaa wanawake wawili wa kijijini waliokuja naye, mmoja wao mkwewe, mama mzazi wa yule aliyechukuliwa. Koti lilikuwa la mtoto wake. Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama kizimbani, jambo ambalo ningelielewa tangu asubuhi ile kama nisingekuwa na furaha. Mwanamke ambaye mume wake yuko kizuizini hampi mwanamume mwingine koti la mume wake kama zawadi, tena yule aliyekaa kwenye kiti chake na kulala chumba kinachotazamana na chake. Zawadi ina maana yake. Ingefika kijijini kabla yake, na siku moja ingefika hata kambini. Malipo hayana maana nyingine.

"Ni malipo," alisema.

Mkalimani akatafsiri. Hakimu akaandika.

Niliulizwa kama nina neno. Ningeweza kubisha. Lakini nilisema, "Ni kweli, nililipwa." Nadhani ndilo jambo jema pekee nililomtendea.

Nilitozwa faini, mzee akailipa. Leseni ya lori ikasimamishwa miezi mitatu. Tulipotoka nje yule mama, akiwa na mkwewe, alipita karibu nami, na kwa mara ya kwanza akaniitikia salamu ambayo sikuwa nimeitoa. "Salama," alisema, akaendelea kutembea. Nilikuja kuambiwa kwamba siku ile ya daraja wanawake wa kijijini walishuka kumi kwa pamoja, wakabeba vyombo vyake mgongoni kwa kamba za kichwani, na kitanda walikifungua vipande.

Karani wa korti alinikabidhi lile furushi la kaki. Kwa kuwa korti imeamua ni malipo, alisema, basi ni langu. Nililitundika kwenye msumari chumbani na sikulivaa.

Miezi mitatu ile lori lilikaa uani na mzee alikuwa na watu wa kulisha. Ndipo alipokumbuka mkokoteni wake wa zamani. Tuliuliza, tukaambiwa mkokoteni unaosukumwa na mtu hauhitaji karatasi ya bodi. Basi nikawa nahamisha watu wa Thika kwa mikono. Siku zile watu walihamahama sana: huyu amehamishwa kiwanda, huyu amefukuzwa chumba, huyu mume amechukuliwa. Nilisukuma vitanda, mabakuli, picha za harusi zilizofunikwa kwa kanga, na kuku waliofungwa miguu. Waliokuwa hawanisemeshi hotelini walianza kunisemesha, kwa sababu huwezi kumnyamazia mtu aliyebeba godoro lako. Wengine walinikaribisha chai katika chumba kipya, tukakaa juu ya masanduku. Lakini nilikuwa nimeshajua tabia ya kazi ile. Mtu anakufungulia nyumba yake yote, unaona mpaka anapoficha barua, na jioni amekwenda, nawe unarudi na mkokoteni mtupu.

Lori liliporudishiwa ruhusa, mzee alisema anataka ile leseni nyingine, ya kubeba vya watu. Nilimwandikia maombi. Yakatangazwa, na yule mwenye leseni wa Thika akapinga. Siku ya bodi tulipanda treni mimi na mzee mpaka Nairobi, tukaketi kwenye chumba chenye feni. Wakili wa mpinzani alisimama na kusema kwamba mji hauhitaji mchukuzi mwingine, na kwamba waombaji hawa wana hatia kortini. Akasoma kesi yangu yote, koti na daraja.

Mwenyekiti wa bodi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Huyo mwanamke, kwa nini hakutumia lori la mteja wako?"

Wakili alimwinamia mteja wake, wakanong'onezana.

"Aliambiwa haliendi huko," alisema wakili.

"Lakini hili lilikwenda," alisema mwenyekiti.

Leseni tuliyopewa ilikuwa na masharti: vyombo vya nyumba tu, maili ishirini kutoka Thika, na bei ibandikwe mahali panapoonekana. Kwenye treni ya kurudi mzee aliishika ile barua kwa mikono miwili. Alinitania kwamba hatia yangu ndiyo iliyotushindia. Nilicheka naye. Nilitamani kuwa na mtu mwingine wa kumwambia habari ile, nikapitisha majina akilini kutoka stesheni moja hadi nyingine, nikafika Thika sijampata.

Yule dereva aliachiliwa miaka ya mwisho ya Hali ya Hatari. Nilimkuta uani siku moja nikirudi na lori, ameketi na mzee kwenye benchi. Alikuwa amekonda, lakini nilimjua kwa mabega. Nilishuka, nikamsalimia, nikaingia chumbani, nikatoka na koti mkononi.

Alilitazama, asilipokee.

"Mke wangu aliniambia yote," alisema. "Alisema alikulipa."

"Alinilipa. Lakini sikuwahi kulivaa tena. Chukua, kaka."

"Siwezi. Nikilichukua, itakuwa ulimbeba bure." Akalisukuma taratibu kwangu. "Alisema hukumbishia kortini."

"Sikuwa na la kubisha."

"Ulikuwa nalo," alisema. "Ahsante."

Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, hajui aseme nini kuhusu kiti. Nilimrahisishia. Nilikuwa nimeshasikia kwamba shamba moja la kahawa Ruiru linataka dereva wa trekta, nikasema nimekubaliana nao, ingawa nilikuwa sijaenda kuuliza. Nilitoa ufunguo wa lori, nikamwonyesha yule mwenzangu jinsi gia ya pili ilivyokuwa ikikwama siku hizi, na tukazunguka lori pamoja nikimweleza juu ya masharti mapya ya leseni. Alikuwa akiuliza maswali mazuri.

Kule Ruiru walinichukua. Nilipewa nyumba ya bati kwenye mstari wa wafanyakazi, na jirani yangu wa kulia alikuwa mpagazi mzee kutoka Maragoli, magharibi kama mimi. Jumapili ya kwanza aligonga mlango.

"Kanisa ni saa nne," alisema. "Ni mbali kidogo. Una mke?"

"Nilikuwa naye," nilimwambia. "Alifariki akijifungua, na mtoto pia."

Hakusema pole upesi upesi kama wengine. Alikaa kwenye kizingiti, akavua kofia.

"Nieleze," alisema. "Bado kuna wakati."